Sekunde 30 za RSVP na lawama iliyokosea njia

RSVP, itifaki ya kuomba na kuhifadhi nafasi ya kupitisha data mtandaoni iliyotolewa na IETF, jumuiya inayoandika viwango vya intaneti, Septemba 1997 katika hati RFC 2205 (RFC ni hati zake zenye namba), hutajwa mara nyingi kama mfano wa kazi iliyoundwa vibaya. Lawama hiyo ina msingi, lakini kwa maoni yangu imeelekezwa pasipostahili.

Wakosoaji huanza na hesabu. Kila mtiririko, yaani mfululizo wa data kati ya mtumaji na mpokeaji, uliotengewa nafasi huacha kumbukumbu katika kila ruta (kifaa kinachoelekeza data) inayotekeleza RSVP njiani, na kumbukumbu hiyo huhuishwa, kwa kawaida kila sekunde 30, kwa ujumbe wa Path kutoka upande wa mtumaji na wa Resv kutoka upande wa mpokeaji. Ruta yenye mitiririko 100,000 ingepokea jumbe zipatazo 6,700 kila sekunde. Hesabu hiyo ni sahihi, na IETF haikuificha: RFC 2208, iliyotoka mwezi uleule, ilionya kwamba kwa wakati huo RSVP haikufaa kwa mitandao ya uti wa mgongo, ile mikuu inayounganisha mingine, yenye kasi kubwa.

Hata hivyo, sekunde 30 hizohizo ndizo uimara wake. Tuseme kompyuta ya mpokeaji imezimika ghafla katikati ya mazungumzo ya video, na hakuna aliyebaki wa kuaga. Ruta husubiri uhuisho, huukosa, na baada ya dakika mbili na nusu na ushei huifuta kumbukumbu, nafasi ikawarudia wengine bila mtu kuingilia kati. Njia ikibadilika, Path inayofuata hupita njia mpya. Mzigo wenyewe ulipunguzwa mwaka 2001, RFC 2961 iliporuhusu ujumbe mmoja kuhuisha kumbukumbu nyingi. Desemba mwaka huo RFC 3209 iliipanua RSVP ili ijenge njia za MPLS, mbinu ya kupitisha data katika njia zilizopangwa mapema kwa kutumia lebo, ambako ombi moja laweza kubeba maelfu ya mitiririko kwa pamoja, na waendeshaji wa mitandao mikubwa wakaitumia kwa dhati.

Huko, lakini, mtandao mzima una mwenyewe mmoja. Ombi linapovuka mpaka na kuingia kwa mwingine, huzuka maswali ambayo ruta haiwezi kuyajibu: nani atalipia nafasi hiyo, na kwa nini mgeni aaminiwe? IETF huandika viwango ambavyo kila mtu ana hiari ya kuvifuata. Haina mamlaka ya kupanga bei wala ya kumlazimisha mwendeshaji aheshimu ombi la mshindani wake.

Watetezi wa DiffServ, mbinu mbadala iliyotoka Desemba 1998 ambayo huipa data kipaumbele kwa alama, wana hoja nzito kwamba alama ndani ya pakiti (kipande cha data) huiondolea ruta ya kati mzigo wa kukumbuka kila mtiririko. Wepesi huo nakubali ni wa kweli. Lakini pakiti zinapoingia mtandao wa mwenyewe mwingine bila mkataba kati yao, alama hizo nazo mara nyingi hufutwa au hupuuzwa, tena mpakani palepale RSVP ilipokwama.