Mtoto anayekusanya konokono mwacheni akusanye

Wiki iliyopita wifi yangu kanipigia simu analalamika, kaitwa shule kwa sababu ya binti yake wa form two, kosa lenyewe mtoto kapeleka darasani trei ya mayai imejaa nyumba za konokono. Mwalimu mmoja akasema huo ni uchafu, mwingine akadakia kwamba hivyo ni vitu vya waganga, trei ikaenda kutupwa shimo la taka. Na wifi anataka mimi shangazi nimkanye mtoto! Nimekasirika mpaka leo.

Hiyo trei mimi naijua, nilionyeshwa kwa bibi yake kule Uru, Kilimanjaro, tulipopanda sikukuu. Kila kishimo cha yai kina konokono wa aina yake, chini yake kikaratasi chenye namba, na namba hiyo ukiifuata kwenye daftari unakuta ameokotwa wapi, chini ya migomba au kwenye ukuta wa mfereji, tarehe, mvua ilinyesha au hapana, alikuwa hai au ni gamba tupu. Akanishikisha moja kubwa la kahawia akaniambia, "Shangazi, hii ncha ndiyo nyumba aliyotoka nayo kwenye yai." Na ni kweli kabisa, konokono hatupi nyumba yake ya utotoni, anaongeza tu kwenye mdomo kadiri anavyokua, kwa hiyo ukianzia juu kwenye ncha ukashuka unazunguka unakuwa umesoma maisha yake yote. Kulikuwa na kingine kama punje ya mchele, cheupe, nikadhani ni jiwe. Akakipiga picha kwa simu yangu akakivuta, ndani ya mdomo kuna vijino! Wanaitwa Gulella, na hao wanawinda konokono wenzao. Nimezaliwa kwenye kihamba kile, yaani shamba letu la nyumbani, nimelimia pale, sikuwahi kukiona.

Sasa nataka niwaambie habari za Bernard Verdcourt maana huyu angemwelewa yule mtoto kwa dakika moja. Mwingereza, kazaliwa 1925, mwaka 1949 akaja Amani kule Usambara kufanya kazi ya mimea, baadaye akawa Nairobi kwenye hebaria ya Afrika Mashariki, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, mpaka 1964 alipohamia Kew, bustani kubwa ya mimea kule London. Mshahara wake ulikuwa wa mimea, na ninyi wenye kahawa mjue ni mmoja wa walioandika ile familia ambayo mbuni wetu umo ndani yake. Lakini kila alipokwenda porini kufuata majani alikuwa anafukua na konokono. Hakuna aliyemwajiri kwa hilo. Aliendelea nalo miongo na miongo, akachapisha orodha ya konokono wa nchi kavu na wa maji baridi wa Afrika Mashariki, na akaandika mfululizo wa makala za maisha ya wakusanyaji waliomtangulia huku kwetu ili wasisahaulike. Alifariki 2011, na mpaka leo mtu anayetaka kujua konokono wa milima yetu lazima apite kwa huyo bwana aliyefanya kwa mapenzi yake.

Na kinachobeba kazi yote hiyo ni kile kikaratasi cha namba, hapa naomba mnielewe vizuri. Kuna mwingine wa zamani zaidi, Hugh Cuming, kazaliwa 1791, fundi wa kushona matanga ya meli, akahamia Valparaíso kule Chile, biashara ikamkubali, alipopata za kumtosha akaacha kazi akaunda jahazi lake kwa ajili ya kutafuta makombe tu, yaani magamba ya konokono na jamaa zao, akalipa jina Discoverer. Kazunguka visiwa vya Pasifiki, kazunguka Ufilipino 1836 mpaka 1840. Alipokufa 1865 aliacha makombe kama 83,000, makumbusho ya London ikayanunua kwa pauni 6,000. Utajiri huo wote, na wataalamu wamelalamika miaka na miaka kwa sababu Cuming alikuwa mzembe wa kuandika mahali, unakuta kombe zuri ajabu halafu hujui limetoka kisiwa gani. Daftari la mwanetu lilikuwa limeshavuka kosa la mkusanyaji mkubwa kuliko wote wa zama zake, halafu mtu mzima anamwambia huo ni uchafu.

Isitoshe, kule Ufilipino waliomwokotea konokono Cuming msituni walikuwa ni pamoja na watoto wa shule, mapadri ndio waliowatuma. Hapo nakubali hoja ya wanaosema ukusanyaji huu ulikuwa wa kikoloni, ulikuwa, majina ya wale watoto sijayaona popote. Hata huku Waswidi walikuja na mtaalamu wao wa wanyama, Sjöstedt, 1905 na 1906, wakapita Kilimanjaro na Meru, konokono wa mlima wetu wakaenda kuandikwa Ulaya. Ndiyo sababu zaidi ya kumwacha mtoto wa Uru aandike mwenyewe na jina lake liwe juu ya daftari.

Kuna watakaouliza faida. Konokono wa mifereji ndio wanaobeba kichocho, inatosha.

Ila kwangu kubwa ni hili. Konokono hasafiri, wapo wanaoishi mlima mmoja tu duniani, wakiisha pale wameisha, na kwenye orodha ya wanyama waliokwisha kutoweka konokono na jamaa zao ndio wanaoongoza. Huku kwetu vihamba vinakatwa viwanja kila mwaka, miti ya kivuli inaangushwa, migomba inang'olewa, mifereji inakauka, na mwekezaji wa nyumba za kupanga hawezi kukuambia chini ya majani yale kulikuwa na nini. Serikali haina mtu wa kuhesabu konokono kwenye kihamba cha mama yangu. Alikuwepo mmoja, ana miaka kumi na tano, anatumia kalamu ya shule na trei ya duka la jirani.

Nimeshaongea na wifi, kanielewa, japo bado hataki viwekwe chumba cha kulala, haya, hilo ni lake. Trei nyingine nimeshanunua, na sonara mmoja pale mjini kaniuzia lenzi yake ya zamani. Jumatatu asubuhi naenda shuleni na kaka yangu, tumeomba kuonana na mkuu wa shule, na tutakachoomba ni kimoja, mtoto apewe dakika kumi mbele ya klabu ya sayansi asome daftari lake.