Pima Volti Kwenye Bodi, Usipime Kwenye Adapta Pekee

"Mwanangu, kile kidude chako kimelala tena." Maalim alinipigia baada ya swala ya alfajiri, mara ya tatu wiki hiyo.

Kidude chenyewe ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, niliyoifunga kwenye madrasa moja huku Kibokoni, pamoja na diski ya nje ya kuwekea rekodi za darsa. Mara mbili za kwanza nilifanya kama mafundi wengi wa hapa mjini: nikafuta kadi ya kumbukumbu inayobeba mfumo, nikapakia mfumo upya, nikarudi nyumbani moyo umetulia. Rekodi mbili zikaharibika. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye mfumo hata kidogo.

Safari ya tatu nilikwenda na mita ya kupimia umeme. Kwenye adapta nikapata volti 5.1, safi kabisa. Nikahamia kwenye bodi yenyewe, pini ya 2 (volti 5) na ya 6 (ardhi): 4.8. Nikamwomba Maalim afungue rekodi moja. Diski ikaanza kuzunguka, namba zikateremka tukiziangalia hadi 4.4, na taa nyekundu ikazimika. Bodi hii huanza kulalamika volti zikishuka chini ya 4.63.

"Sasa huo moto unapotelea wapi?" akauliza Maalim.

Kwenye kebo. Ilikuwa ya mita moja na nusu, yenye nyaya za namba 28, nyembamba kama uzi. Unene huo una ukinzani wa karibu omu 0.2 kwa kila mita, na umeme huenda kisha hurudi, kwa hiyo hesabu mita tatu. Bodi ikivuta ampea moja, zaidi ya nusu volti imeshaliwa njiani. Adapta iliandikwa ampea 3 na haikudanganya. Aliyedanganya ni aliyeuza kebo ile bila kusema unene wake. Tena kichwa cha kebo yenyewe kilikuwa kimeanza ukijani, chumvi ya bahari hiyo.

Kuna na mipaka ya poti zenyewe, ambayo wengi huisahau. Poti ya USB 2.0 hutoa miliampea 100 mpaka kifaa kijitambulishe na kuomba zaidi, na mwisho wake ni 500. USB 3.0 hufika 900. Hab, kile kigawanyi cha poti za USB, isiyo na adapta yake hugawa kile kidogo inachopewa, miliampea 100 kwa kila poti. Kwenye Pi 4, poti zote nne kwa pamoja zina ampea 1.2 tu, na diski inapoanza kuzunguka inaweza kudai karibu ampea nzima.

Ukiwa huna mita, andika amri hii kwenye Pi yenyewe: vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x50000, volti zilishuka tangu bodi ilipowashwa na kasi ikapunguzwa. Iache kadi kwanza, usiifute.

Nilimwekea Maalim kebo fupi nene, na diski ikapata hab yenye adapta yake. Ile kebo ya zamani niliikata vipande viwili kabla sijaondoka, asije mtu akaichomeka tena.