Jahazi la magunia hamsini

Jahazi linatia nanga Bagamoyo kila safari na magunia hamsini, halizidishi hata moja. Je, ya ziada yametozwa ushuru njiani, au huko lilikopakia hamsini ndiyo yote yaliyokuwepo? Ukihesabu ufukweni tu hutajua. Hapo ndipo walipo wanafizikia wanaoupima ulinganifu wa Lorentz kwa miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zinazotufikia kutoka anga za mbali.

Ulinganifu huo, nguzo ya nadharia ya Einstein ya mwaka 1905, unasema sheria za maumbile ni zile zile kwa aliyetulia na kwa anayekwenda mwendo usiobadilika. Mwaka 1966 wanafizikia Greisen, Zatsepin na Kuzmin waliutumia kukokotoa kwamba protoni, chembe iliyomo katika kiini cha atomu, yenye zaidi ya elektrovolti (kipimo cha nishati ya chembe) bilioni 50 mara bilioni hugongana na mwanga hafifu uliosalia tangu Mlipuko Mkuu, ikapoteza nishati. Huo ndio ushuru. Ulinganifu ukiyumba hata kidogo mno, ushuru unaweza kufutika.

Mtambo wa AGASA wa Japani ulipoona miale iliyovuka kikomo hicho, wanafizikia Coleman na Glashow wakasema huenda ulinganifu umevunjika. Lakini mwaka 2008 vituo vingine viwili vya kupimia miale, HiRes ya Utah, Marekani, na Pierre Auger ya Argentina, vikaonesha miale ikipungua ghafla karibu na pale pale. Wapo wanaosema kesi imekwisha, na hoja yao si nyepesi, kwani miale hii huupima ulinganifu pasipofikika kwa mitambo yetu: chembe iliyonaswa Utah mwaka 1991 ilikuwa na takriban jouli 50, nishati ambayo mtambo wa Geneva wa kugonganisha chembe hauikaribii hata kidogo.

Mimi naegemea upande wa wenye shaka. Auger, yenye matangi ya maji yapatayo 1,600 katika kilomita za mraba 3,000 (karibu Unguja mbili), imeona kwamba nishati ikipanda, miale huelekea kuwa viini vizito zaidi, si protoni tupu. Kiini kizito hugawanya nishati yake kati ya chembe zake, kwa hiyo hakitozwi ushuru ule. Basi huenda ni vyanzo vyenyewe vilivyoishiwa nguvu: ghala lilikuwa na hamsini. Ingawa hata uzito huo unakisiwa kwa modeli, na modeli hizo hutabiri muoni (chembe zinazozaliwa miale ikigonga hewa) chache kuliko zinazofika ardhini.

Ushuru wa kweli huacha risiti: neutrino, chembe zisizo na chaji zinazozaliwa katika migongano ile, zenye nishati kubwa mno. Februari 2023 mtambo wa KM3NeT, chini ya bahari ya Mediterania, ulinasa dalili ya neutrino moja ya nishati kubwa kupindukia. Imetoka wapi, bado wanabishana.