Kila mtu anauliza inafika ngapi

Simama na pikipiki kubwa kwenye kituo chochote cha mafuta Nairobi, swali ni lilelile: "Inafika ngapi?" Mlinzi atauliza. Kijana wa pampu atauliza. Baba mwenye watoto watatu ndani ya Probox atashusha kioo ili naye aulize. Nimeendesha pikipiki za mbio kwa miaka kumi na moja na sijakutana na mtu aliyetaka kujua inapitaje kwenye tuta.

Majuzi rafiki yangu aliniachia BMW S 1000 RR yake ya 2015, ile yenye DDC, yaani shokabzoba zinazoongozwa na kompyuta. Yeye akachukua Yamaha R6 yangu ya zamani, ambayo kompyuta yake ya shokabzoba ni bisibisi. Tukatoka Jumapili alfajiri kupitia Ruaka na Banana, tukanywe chai Limuru.

Kwanza tumalizane na habari ya nguvu, maana ndiyo inayouza pikipiki hizi. BMW wanasema injini ile ya cc 999 ina nguvu farasi 199. Ni kweli, ila hesabu hiyo ni ya hewa ya usawa wa bahari. Nairobi tuko takriban mita 1,700 juu, hewa yetu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo ikivuta hewa nyepesi inachoma mafuta kidogo. Karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu inapotea hata kabla hujatoka getini. Ukipanda Limuru inapotea zaidi. Wale farasi uliowalipia ni wa Mombasa. Ukiwataka wote, wafuate huko. Na hata wangekuwepo, sheria inakoma kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu, na 50 ukiingia mjini.

Lakini mafuta yaliyo ndani ya foki, ile miguu ya mbele yenye shokabzoba, hayajui habari ya mwinuko. Shokabzoba inayofanya kazi Munich, nyumbani kwa BMW, inafanya kazi vilevile Ruaka, na Ruaka ina kazi nyingi zaidi ya kuipa.

Kila shokabzoba ni springi na mafuta. Springi inabeba uzito, mafuta yanaizuia isirukeruke kwa kulazimishwa kupita kwenye tundu dogo. Kwenye R6 yangu ukubwa wa tundu hilo naupanga mimi kwa bisibisi, nikiwa nimepiga magoti, halafu unabaki hivyo siku nzima. Ukipangwa kwa ajili ya kona za Tigoni, matuta ya Banana yatakupiga mgongo. Ukipangwa kwa ajili ya matuta, kwenye kona pikipiki inayumba kama godoro la maji. DDC imeweka hapo vali ya umeme. Kompyuta inaangalia pikipiki imelala kiasi gani, gurudumu la nyuma limepanda au limeshuka, umefungua moto kiasi gani, kisha inabana au inalegeza njia ya mafuta kwa muda unaohesabiwa kwa milisekunde. Haisukumi gurudumu, hilo wengi hawalielewi. Inabadilisha tu ugumu wa njia.

BMW waliuweka mfumo huu kwanza kwenye pikipiki yao ya HP4, iliyotangazwa 2012. Kisha Ducati wakaja na wao kwenye Multistrada ya 2013, wakauita Skyhook, kama kwamba pikipiki imetundikwa mbinguni kwa ndoano na magurudumu peke yake ndiyo yanayohangaika huko chini. Jina la majivuno, lakini ukishapita Banana utawasamehe. Na kinachonichekesha ni kwamba kwenye MotoGP, mashindano makubwa ya dunia ya pikipiki, shokabzoba za umeme zimepigwa marufuku. Mabingwa wa dunia wanapanga kwa mkono kama mimi, na rafiki yangu anayeenda kununua maziwa kwa pikipiki anazo.

Ile rasta ya kwanza, yaani mistari ya matuta madogo barabarani, niliikaribia nikiwa nimejikunja, meno yameumana, kwa mazoea. Kwenye R6 mistari ile huihesabu mmoja mmoja kwa viganja. Hapa nilisikia mlio wa tairi, tra-tra-tra, lakini usukani ukabaki umetulia mikononi. Nikageuza kichwa kuona kama kweli nimeivuka. Nyuma yangu rafiki yangu alikuwa amesimama juu ya vikanyagio, makalio hewani, anateseka na pikipiki yangu. Sikumwonea huruma.

Kwa hiyo nasema wazi: kama una hela za pikipiki ya namna hii na unaishi Nairobi, toa kwenye injini uweke kwenye shokabzoba. Ya farasi 150 yenye miguu yenye akili itakufaa kuliko ya 200 inayokurusha. Najua gharama yake. Vumbi letu linakula sili za foki, na fundi anayeweza kuifungua foki yenye waya bila kuiua humpati kila kona. Hata hivyo.

Basi tukafika kona za Tigoni, katikati ya majani ya chai, na hapo ndipo mambo yakageuka. Kila nikifungua moto kutoka kwenye kona, nyuma inakaa chini, mbele inakuwa nyepesi, na pikipiki inataka kwenda upande wa pili wa barabara, kwenye matatu. Kompyuta ilikuwa inajitahidi, naisikia kabisa. Tatizo halikuwa lake. Pikipiki hii inapanga mafuta yenyewe, lakini springi inakazwa kwa mkono, na tangu itoke kiwandani hakuna aliyeigusa. Rafiki yangu ana kilo 104 bila helmeti. Mimi sijaachwa mbali.

Limuru nikaomba kamba ya plastiki, ile mafundi wa umeme wanafungia nyaya, nikaifunga kwenye foki. Tukainyanyua mbele, nikaipandisha kamba hadi ikagusa sili, yeye akapanda taratibu, akashuka. Foki ilizama milimita 48. Tunatafuta 30 hadi 35, na safari yote ya foki ni 120. Nyuma hata sikutaka kupima.

"Lakini nililipa gereji wakaniseti," akasema. Gereji hiyo walimwekea modi ya Race wakamwandikia risiti.

Mwendesha boda mmoja alikuwa ameshafika, ameegesha Boxer yake kando yetu. Aliuliza inafika ngapi, akajibiwa, akabaki anatazama ile kamba ya plastiki.

"Mnapima nini, bosi?"

Nikamweleza: uzito wa mtu, springi, inavyozama.

"Aa, hiyo." Akagusa shokabzoba ya nyuma ya Boxer kwa kidole cha mguu. "Nikibeba magunia ya viazi nazungusha hapa mpaka mwisho. Nikibeba mtu mmoja narudisha. Kwani hiyo yenu haizunguki?"

"Inazunguka," nikamwambia.

Rafiki yangu alikuwa ameinamia kioo, anabonyeza kutafuta modi.