Kuacha nafasi ya vipaji maalumu si wazimu

Fomu ya kujiunga iko mezani kwa jirani yangu hapa Tanga tangu matokeo yalipotoka. Godoro la futi mbili na nusu, shuka mbili za rangi moja, ndoo yenye mfuniko, jembe na mpini wake, fagio la nje, rimu ya karatasi, tranka na kufuli. Binti yake ana miaka kumi na tatu, na amepangiwa mojawapo ya shule za wasichana za vipaji maalumu, zile za bweni za serikali zinazochukua walioongoza mtihani wa darasa la saba, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mtaa umeshapongeza. Anayesita ni mama mtu, na kwa kusita huko ameshasemwa. "Dada, watu wanalilia nafasi hiyo, wewe unaipiga teke?" Shemeji yake alimwambia hivyo mbele yangu, na hakuwa anatania.

Naandika kwa sababu ya mama huyu. Upande wake katika mjadala huu huwa hausikilizwi. Huitwa ushamba, au mapenzi ya kuku na vifaranga vyake, mazungumzo yakaishia hapo.

Wanaosema mtoto aende wana hoja, tena nzito. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala, Msalato: sina haja ya kumweleza mtu uzito wa majina haya. Nyerere alisoma Tabora, 1937 hadi 1942. Tangu 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, kwa hiyo binti wa mvuvi anaweza kulala kitanda cha juu, chini yake kalala binti wa mkurugenzi, na anayeulizwa swali la hesabu usiku akawa binti wa mvuvi. Watoto wa mikoa yote hukutana humo, jambo ambalo shule ya kutwa haiwezi kulitoa hata ikijitahidi vipi. Kwa mtoto wa kike kuna zaidi: bweni humwepusha na lifti za bodaboda, na mwendo wa alfajiri, na vyombo vinavyomsubiri jioni kabla hajagusa daftari. Kama shule ya karibu iko kilomita nane na nyumbani kwenyewe hakukaliki, sibishani na mtu. Afungashe.

Ubishi wangu unaanza pale tunapotajiwa ushahidi. Muulize yeyote kwa nini ana hakika hivyo, atakupa matokeo. Na matokeo yapo. Kidato cha sita mwaka 2016, katika shule kumi bora kitaifa walikuwamo Tabora Wavulana, Kibaha, Mzumbe na Ilboru, wanne kwa mpigo. (Aliyeongoza orodha ile alikuwa Kisimiri ya Arusha, shule ya serikali isiyo ya vipaji maalumu, lakini hilo halitajwi sana vibarazani.) Baraza la Mitihani liliacha kutangaza kumi bora mwanzoni mwa 2023, likasema halioni tija yake. Mtaani orodha haijafutwa. Watu wanaitengeneza wenyewe.

Tuliangalie jambo hili polepole. Shule inayopokea watoto walioongoza, kisha miaka kadhaa baadaye ikatoa watoto wanaoongoza, imefanya nini hasa? Mtu akikabidhiwa jodari asubuhi, jioni akaonekana sokoni na jodari, hatuna cha kumsifia katika uvuvi. Labda kafanya kazi kubwa ya kumtunza samaki asiharibike, nayo ni kazi. Ila kuvua ni habari nyingine. Tungetaka kujua watoto walewale wangefika wapi kama wangesoma kwingine, na hilo orodha ya kumi bora haina namna ya kulijibu.

Kenya walilijaribu. Kwao kulikuwa na shule za kitaifa, wakati huo 18 tu nchi nzima, ambazo mtoto kuitwa ilikuwa sherehe ya ukoo. Wachumi wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, katika utafiti uliochapishwa 2014, waliwatafuta watoto wa ukingoni: walioingia shule hizo kwa tundu la sindano, na waliokosa kwa alama chache. Hawa kwa uwezo ni walewale. Kinachowatenga ni swali moja au mawili, pengine homa ya siku ya mtihani. Matokeo yao ya kumaliza sekondari yalipolinganishwa, faida ya shule ya kitaifa karibu haikuonekana. Sifa za shule zile, kwa hesabu yao, zilitokana zaidi na watoto waliochaguliwa kuliko na walichoongezewa humo. Mwaka huohuo wachumi wengine walichapisha hesabu ya namna hiyo kuhusu shule za umma za Boston na New York zinazochuja watoto kwa mtihani, nao wakakuta habari inayofanana.

Mimi ni mtu niliyelelewa kuamini majina ya shule, na utafiti ule wa Kenya ulinikosesha raha. Nilimsomea jirani yangu sehemu yake. Akaniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe: "Hao waliokosa walikwenda shule gani?"

Hapo ndipo penyewe. Waliokosa Kenya wengi hawakuangukia shule mbovu. Walikwenda shule za mkoa zilizo imara. Kwetu mtoto anayeacha vipaji maalumu, kama mzazi hana ada ya shule binafsi, anaangukia shule ya kata, yaani sekondari ya serikali ya hapo mtaani. Na shule za kata tunazijua. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza 2004 ulitutoa kwenye sekondari elfu moja na ushee hadi zaidi ya 4,000 ndani ya miaka mitano hivi. Madarasa yaliota kama uyoga, walimu hawakuota. Ziko zilizosimama vizuri sasa, na ziko ambazo fizikia inafundishwa na kijana wa kujitolea anayesubiri ajira. Kwa hiyo utafiti wa Kenya haumwambii mama huyu abaki na mtoto. Unamwambia jambo dogo kuliko hilo: jina la kule halimtoshi, akaitazame na ya hapa.

Nani hufanya hivyo? Mzazi anayeshangilia fomu ya bweni mara nyingi hajawahi kuingia ofisi ya mkuu wa shule ya kata iliyo dakika kumi kutoka kwake. Anaijua kwa jina lake la zamani la dharau. Shemeji mtu, nilipomuuliza, hakujua kama ina maabara.

Halafu kuna suala la mtoto mwenyewe. Binti huyu hajawahi kuwa wa pili darasani. Januari atakaa katika darasa ambalo kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao, na kwa hesabu isiyo na huruma, nusu yao watakuwa chini ya katikati. Atatoka kwenye shule ya Kiswahili na kuingia kwenye vitabu vya Kiingereza, kando yake wamekaa waliosoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Mwanasaikolojia Herbert Marsh na wenzake wameichunguza hali hii tangu miaka ya 1980: chukua watoto wawili wenye uwezo sawa, yule anayesoma kati ya vipanga hujiona duni kuliko yule aliye katika darasa la kawaida. Wapo wanaochochewa na hali hiyo. Wapo wanaonyamaza, wakaamua kwamba ile akili ya darasa la saba ilikuwa bahati, na mama mtu yuko mbali asiweze kuliona hilo usoni mwa mtoto saa ya chakula cha jioni. Neno lenyewe, vipaji maalumu, linamwongezea mzigo, kana kwamba mtihani wa siku mbili ulipima kipaji. Kaka wa binti huyu anatengeneza redio za mtaa mzima na alifaulu kwa kuchechemea.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likipimwa popote, nami nalisema kwa macho yangu tu. Katika shule yenye walimu wachache, kipanga ndiye mwalimu wa pili. Ndiye anayesimama ubaoni saa nane mchana kuwaelekeza wenzake sehemu na desimali, na anayefundisha hujifunza mara mbili. Kila mwaka tunawakusanya hawa, tunawasafirisha, kisha tunaishangaa shule ya kata kwamba haifaulishi. Sisemi mzazi amwache mwanawe kama sadaka kwa ajili ya kata. Hakuna mzazi anayedaiwa hivyo. Nasema tu kwamba anayebaki habaki bure.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi nafasi hii inavyozungumzwa kama basi la mwisho. Si la mwisho. Kuna kidato cha tano, na shule kadhaa kati ya hizihizi hupokea watoto wapya hapo kwa matokeo ya kidato cha nne. Atakayekwenda wakati huo atakuwa na miaka kumi na saba, anajua kufua, anajua kukataa, Kiingereza kimeshatulia mdomoni. Bei ya kusubiri ipo, na sitaificha: kuipata PCM au PCB (fizikia na kemia, pamoja na hisabati au biolojia) kutoka shule isiyo na mwalimu wa fizikia ni kupanda mnazi bila kamba. Ndiyo maana suala la mwalimu wa fizikia lina uzito kuliko jina lolote lililo juu ya fomu.

Wiki iliyopita hatimaye kuna mtu aliyemuuliza binti. Alikuwa bibi yake. Mtoto alisema anataka kwenda, ila si mwaka huu, kisha akakimbilia uani. Shemeji akasema mtoto wa miaka kumi na tatu hajui anachotaka. Inawezekana. Lakini ndiye atakayelala kwenye lile godoro.

Jumatatu mama mtu alivaa baibui lake jipya akaenda shule ya kata kuhesabu walimu. Wa hisabati wawili, wa kemia mmoja, wa fizikia mmoja wa kujitolea, maabara moja iliyofungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa mkuu. Aliomba afunguliwe. Kulikuwa na vumbi, lakini vifaa vilikuwamo. Tranka hajanunua. Pesa yake ameiweka kwenye bahasha na kuandika juu yake kwa kalamu ya binti: "twisheni ya fizikia".