Mto Cam: nyumba kwanza au maji kwanza?

Mgeni akifika Cambridge, Mto Cam anaouona ni ule wa kwenye picha: maji yametulia nyuma ya vyuo, vijana wamesimama kwenye mitumbwi bapa wakiisukuma kwa upondo. Hapo mto umejaa, lakini umejaa kwa sababu malango ya Jesus Lock yanayazuia maji yasishuke. Mji sasa unabishana: ujenge nyumba mpya nyingi, au kwanza uulinde mto huu unaopungukiwa na maji? Anayetaka kuujua mto wenyewe aende juu, kwenye chemchemi.

Tawi la Rhee linaanzia Ashwell, kijiji cha Hertfordshire. Tawi jingine, Granta, linashuka kutoka upande wa Essex. Vyote ni vijito vya chaki. Mvua ya kipupwe huzama ndani ya mwamba mweupe laini, huchujika humo, kisha hububujika ikiwa angavu, na ubaridi wake haubadiliki sana mwaka mzima. Vijito vya aina hii ni vichache duniani, na vingi kati ya hivyo viko Uingereza.

Mwamba huohuo ndio tangi la mji: karibu maji yote ya bomba ya Cambridge hutoka kwenye visima vilivyochimbwa humo. Ukame ukizidi, Wakala wa Mazingira, taasisi ya serikali inayosimamia mito, hupampu maji ya ardhini na kuyamwaga Granta ili isikauke. Yaani mwamba unanyonywa ili kuulisha mto ambao mwamba huo ungeulisha wenyewe.

Kusini mwa mji kuna Nine Wells, chemchemi zilizoleta maji safi mjini kwa mfereji wa Hobson tangu mwaka 1614. Palihifadhiwa kisheria kwa ajili ya viumbe wadogo wa maji baridi, akiwemo mnyoo bapa mdogo ambaye ni adimu katika nchi tambarare. Ukame wa 1976 ukazikausha. Maji yalirudi, mnyoo hakurudi.

Wanaodai nyumba nao wana hoja nzito. Kodi za pango Cambridge zinaumiza, na muuguzi wa hospitali ya Addenbrooke's asiyezimudu hulazimika kukaa mbali na kusafiri kila siku. Tena, kusimamisha ujenzi hakurudishi hata tone moja mtoni, maana kinachoukausha leo ni matumizi ya sisi tuliokwisha kuunganishiwa bomba. Mwingereza mmoja hutumia karibu lita 140 kwa siku. Hoja hii wapinzani wa ujenzi huiruka, na hawatendi haki.

Lakini serikali nayo, iliyotangaza mwaka 2023 mpango wa kuikuza Cambridge, inategemea maji ambayo hayajafika: bomba kutoka bwawa la Grafham, kisha bwawa jipya karibu na Chatteris, yote yakitarajiwa miaka ya 2030. Mwaka huohuo Wakala wa Mazingira ulipinga baadhi ya miradi ya nyumba kwa sababu ya maji. Kwa maoni yangu ulifanya sawa. Familia ikishahamia, hakuna atakayeifungia bomba, na wala haifai. Atakayesubiri ni mto.

Bomba la Grafham likiwahi, nyumba nazo ziwahi. Ila maji hayo yakifika, visima vilivyo karibu na chemchemi vipunguziwe kwanza, ndipo wakazi wapya waunganishiwe.