Orodha iliyounganishwa katika Forth: uijenge mwenyewe au utumie safu?

Forth, lugha ya programu ya rundo (data hupangwa moja juu ya nyingine, na ya mwisho kuingia hutoka kwanza) aliyoibuni Charles Moore mwishoni mwa miaka ya 1960, haikupi orodha iliyounganishwa ikiwa tayari, yaani orodha ambayo kila nodi (kipande) hubeba data pamoja na anwani ya nodi inayofuata. Anayeitaka huijenga kwa mkono, na wapo wanaoona hiyo ni kazi bure: si utumie tu safu ya seli zilizopangana, kila seli ikiwa nafasi ya kumbukumbu inayotosha namba au anwani moja?

Hoja yao ina uzito. Kwenye mashine ya biti 64 kwa kawaida seli ni baiti 8, hivyo nodi yenye namba moja inakula baiti 16, nusu yake anwani ya nodi inayofuata. Ukihitaji namba ya mia, sharti uzipitie 99 zilizotangulia. Kwa data inayosomwa kwa nafasi, nakubaliana nao moja kwa moja.

Lakini tazama ujenzi wenyewe:

VARIABLE kichwa  0 kichwa !
: ongeza ( n -- )  HERE  kichwa @ ,  SWAP ,  kichwa ! ;

Namba inasubiri kwenye rundo. HERE inaleta anwani ya nafasi iliyo wazi. `kichwa @` inasoma anwani ya nodi ya zamani, na koma ya kwanza inaiandika hapo. SWAP inaipandisha namba juu, koma ya pili inaiandika. Kisha `!` inakielekeza kichwa, kinachoshika anwani ya mwanzo wa orodha, kwenye nodi mpya. Basi. Hata kamusi ya Forth, yaani orodha ya maneno (amri) yake, katika mifumo mingi ya jadi, imeunganishwa hivihivi: kila neno linashika anwani ya lililotangulia, na utafutaji huanzia kwa la mwisho. Ukishaiandika `ongeza`, umeielewa lugha kwa ndani, na hilo kwangu ni faida kubwa.

Ugumu halisi uko kwenye kufuta. Nafasi iliyochukuliwa kwa koma hairudi mojamoja. MARKER huweka alama ambayo ikiitwa huondoa kila kilichokuja baada yake. Kiwango cha Forth cha Marekani (ANS) cha 1994 kina ALLOCATE na FREE za kuomba na kurudisha kumbukumbu, ila ni za hiari, na mfumo mdogo unaweza kuzikosa. Hata hapo sioni sababu ya kukata tamaa. Nodi zote zina ukubwa mmoja, kwa hiyo zilizofutwa ziunganishe kwenye orodha ya pili, halafu `ongeza` ichukue nodi huko kwanza, na iende kwenye HERE pale tu orodha hiyo inapokuwa tupu.